MTI UNAOWEKA AKIBA: Hotuba ya Mwenyekiti Kuhusu Kilimo cha Waridi la Jangwani



 Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawakumbuka, na tunaomba awalaze mahali pema. Mwaka 2015 tulianza tukiwa akina mama 22, tumekaa chini ya mwarobaini, na sanduku la bati lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zilishikwa na watu watatu. Leo tumetimiza miaka kumi na sanduku bado lipo, na kufuli bado ni tatu.

Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii mweka hazina ameshawasomea, na hatuna haja ya kurudia. Sisi tumepewa nafasi ya kusema juu ya kazi yetu ya maua. Tena wapo wanaojiuliza, jamani, akina mama wazima na akili zao, nchi kavu kama hii, wanalima maua! Maua yanaliwa? Basi leo tunataka kujibu, na mwisho wa maneno yetu lipo jambo moja ambalo wanachama itabidi mliamue.

Kwanza, mti wenyewe ni upi.

Mti huu unaitwa waridi la jangwani. Kila mtu hapa anaujua, maana sisi wa tambarare ya Same tumekua nao. Ni ule mti mfupi wenye shina nene chini kama mtungi, matawi machache, na maua ya rangi ya waridi yanayotoka wakati wa kiangazi, wakati majani yote yameshaanguka na porini hakuna kingine chenye rangi. Mbuzi hawaugusi. Ng'ombe hawaugusi. Wazee wetu walituonya tangu utotoni tusivunje tawi lake, kwa sababu utomvu wake ni sumu. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi huchemsha utomvu wa mti wa aina hii mpaka uwe mzito, wakapaka kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Kwa hiyo tujue tangu mwanzo kwamba hatuchezi na mchicha.

Wataalamu wanauita adenium obesum. Tuliuliza maana yake tukaambiwa adenium imetokana na Aden, mji wa Yemen, na obesum maana yake ni mnene. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål, aliyekuwa katika msafara uliotumwa Uarabuni na mfalme wa Denmark, ndiye aliyeuandika. Yeye mwenyewe alifia hukohuko Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapwa mwaka 1775. Mti huu huota kuanzia Senegal, kupita kusini mwa Sahara, mpaka Ethiopia, Somalia, Kenya na hapa kwetu, halafu unavuka bahari hadi Uarabuni. Kumbe ule mti wa mbuzi kuukimbia una ndugu nchi nyingi hivyo!

Sasa sikilizeni vizuri habari ya lile tumbo lake, maana ndiyo siri yote. Mvua ikinyesha, mti huu haukimbilii kurefuka. Unakunywa maji na kuyaweka katika shina na mizizi, tumbo linajaa. Kiangazi kikija unaangusha majani ili usipoteze maji, unakaa kimya, unatumia kidogo kidogo ile akiba. Na katikati ya ukame, wakati mahindi yetu yameshakauka shambani, wenyewe unatoa maua. Akina mama, mti huu ulijua kuweka na kukopa kabla yetu.

Pili, kwa nini tuliuchagua.

Mnajua wote mvua za huku. Milima ya Pare inasimama pale juu, mvua inabaki huko, sisi wa chini tunapata mabaki. Mwaka mzuri tunavuna, mwaka mbaya tunavuna mabua. Kikundi kilipotaka mradi wa pamoja tulizungumza kuku, tukazungumza nyanya, tukazungumza sabuni. Kuku wana kideri. Nyanya zinataka maji ya kila siku, na zikiiva siku ambayo gari la mnunuzi halikuja, zinaoza. Ndipo mwanachama mmoja akasema, tunayo barabara kuu inayokwenda Moshi na Arusha, magari yanapita usiku na mchana, na uani kwetu ipo miti mitatu ya waridi la jangwani iliyopandwa zamani. Watu wa mjini wanayapenda maua yale. Kwa nini tusiyaoteshe?

Lakini kabla hatujaotesha chungu hata kimoja likaja jaribu. Walikuja wafanyabiashara wakasema hawataki miche. Wanataka miti mikubwa ya porini, ile yenye tumbo la kukumbatiwa na mtu, na watalipa taslimu kwa kila mti tutakaowachimbia. Pesa ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Kikao kile kilikuwa cha kelele, wengine walisema Mungu ametupa miti bure, tunaikataaje?

Tulikataa, na sababu zake tunazitaja leo ili zibaki katika kijitabu hiki kwa ajili ya watoto wetu. Mti wenye tumbo kubwa namna ile umekaa porini miaka mingi kuliko umri wetu, na ukiuchimba leo hautarudi katika maisha yako. Mizizi mikubwa ikikatwa ovyo na kufukiwa mahali penye unyevu, inaoza, kwa hiyo mingi inafia njiani au kwenye bustani ya aliyenunua. Tena hapa tumepakana na Mkomazi, ambayo tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Taifa, na ndani ya hifadhi kung'oa mmea ni kosa. Mama wa watu akamatwe na kuacha watoto kwa sababu ya ua? Na mwisho, ukishamaliza miti mikubwa, nani atatoa mbegu? Basi tukaandika katika katiba ya kikundi: mti wa porini hauchimbwi, tunaotesha kwa mbegu tu.

Tatu, namna tunavyootesha. Hapa tunasema polepole ili anayetaka kujifunza aweze.

Mbegu. Ua likishika mimba linatoa maganda mawili yaliyoelekeana kama pembe za mbuzi. Hayo hukaa mtini miezi kadhaa. Yakianza kugeuka rangi yafunge kwa uzi au kwa kipande cha chandarua, maana siku yakipasuka mbegu zina manyoya huku na huku, upepo unazichukua zote na wewe unabaki kutazama. Mbegu mpya ndiyo bora. Ikikaa sana nguvu zake zinapungua.

Udongo. Hapa wengi ndipo wanapoharibu, wanadhani udongo mweusi wenye rutuba ndio mzuri. La hasha. Mti huu unataka udongo unaopitisha maji upesi. Sisi tunatumia mchanga wa mtoni ulio mkubwa sehemu mbili, na mboji au samadi ya mbuzi iliyooza kabisa sehemu moja, tunaongeza na vipande vya mkaa. Chombo lazima kiwe na matundu chini. Mbegu tunazilaza na kuzifunika kwa mchanga kidogo sana, na kwa joto la huku zinachipua karibu wiki moja.

Maji. Mche mdogo unataka unyevu kiasi. Ukishakuwa na tumbo, mwagilia, acha udongo ukauke, ndipo umwagilie tena. Wakati wa baridi, mwezi wa sita mpaka wa nane, unapoangusha majani, punguza maji sana. Ukibonyeza tumbo ukaona ni laini na udongo umekauka, una kiu. Ukiona laini na udongo umelowa, mti unaoza. Huo uuchomoe upesi, kata sehemu iliyooza mpaka ufike nyama nyeupe, paka majivu, uache kivulini mpaka kidonda kikauke kabisa, ndipo upande upya kwenye mchanga mkavu.

Jua. Uweke juani kutwa nzima. Ukiuweka kivulini utarefuka kama mlingoti na tumbo halitaonekana.

Wadudu. Wapo vidukari na vidung'ata, hao tunawaosha kwa maji ya sabuni. Yupo pia kiwavi mnene wa kijani ambaye sumu ya mti huu haimdhuru hata kidogo, anakula majani usiku kucha asubuhi unakuta matawi matupu. Huyo tunamwokota kwa mkono.

Watu wanatuuliza, kwa nini msikate tawi mkapanda, si ni haraka zaidi? Ni kweli tawi linashika, nalo linatoa maua mapema. Lakini mti uliotokana na tawi haufanyi tumbo zuri kama uliotoka kwenye mbegu. Na mnunuzi anayejua hutazama tumbo kwanza, ua baadaye.

Nne, habari ya bonsai.

Neno bonsai ni la Kijapani, maana yake mmea uliopandwa katika chombo cha kina kifupi kama sinia. Wajapani wenyewe walijifunza sanaa hiyo kutoka China. Wanachukua mti ambao ungekuwa mkubwa, wanaupogoa matawi na mizizi kwa miaka mingi, mpaka unakuwa mdogo lakini unaonekana mzee kama mti wa mlimani. Kipo kichaka cha huko, Wajapani hukiita boke, kinachopendwa sana kwa bonsai kwa sababu hutoa maua mekundu kwenye matawi makavu mwishoni mwa baridi, kabla majani hayajatoka. Tulipoelezwa hivyo tulicheka. Si ndivyo linavyofanya waridi letu la jangwani? Tofauti ni kwamba boke unataka baridi kali ndipo uchanue, na wetu unataka jua. Kila mtu na alichopewa.

Kuufanya bonsai mti huu hatua zake ni hizi. Mche ukifikisha mwaka mmoja au zaidi, tunauchomoa wakati wa joto kabla ya mvua, tunakata ule mzizi mkuu unaokwenda chini, tunauacha kivulini siku kadhaa kidonda kikauke. Tunaupanda upya na kuitandaza mizizi ya pembeni kama vidole vya mkono. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili tunapobadilisha chungu, tunaunyanyua juu kidogo, ile mizizi minene inabaki nje inaonekana. Matawi tunayapogoa ili yagawanyike, maana kila tawi likikatwa hutoa mengine mawili au matatu, na maua hutoka kwenye ncha. Tawi changa tunaweza kulipinda kwa waya, lakini tunaulegeza mapema usije ukalikata. Vyungu vipana tunanunua kwa akina mama wafinyanzi wa milimani, kwa hiyo na wao wanapata.

Nchi kama Thailand na Taiwan zimekwenda mbali sana na mti huu. Wamezalisha wenye maua ya rangi nyingi, hata yaliyopandana petali juu ya petali, na wanaunganisha vikonyo vya mti mmoja kwenye shina la mwingine. Indonesia wanauita kamboja ya Japani, kumbe haukutoka Japani, umetoka huku. Wenzetu wamechukua mti wa Afrika na Uarabuni wakaufanya biashara kubwa, na sisi tuliokuwa nao tuliuona ni kichaka cha kukimbiwa na mbuzi. Tusisikitike sana, ila tujifunze.

Tano, sumu. Tunasema wazi kwa sababu hatutaki kuuza ua likaleta msiba. Utomvu wake ukiingia mwilini unashambulia moyo. Ukipogoa vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi, usijipanguse macho, osha mikono na kisu kwa sabuni. Kisu cha kupogolea hakiingii jikoni. Chungu hakiwekwi mahali ambapo mtoto anayetambaa anafika. Kila mteja tunamwambia hivyo kabla hajatoa pesa, na kama ana mtoto mdogo na hana mahali pa juu pa kuweka, tunamshauri achukue ua jingine. Tumepoteza wateja kwa neno hilo, lakini tunalala usingizi.

Sasa tuje kwenye faida. Mche wa mwaka mmoja tunauza shilingi 5,000. Chungu cha miaka mitatu shilingi 25,000. Bonsai iliyokamilika bei ni ya maelewano. Lakini faida kubwa tuliiona mwaka 2020. Mnakumbuka ugonjwa wa korona, magari ya watalii yalitoweka barabarani. Waliokuwa na nyanya zilioza, waliokuwa na vitafunwa waliacha. Sisi vyungu vyetu vilikaa palepale, havikuoza, na kila mwezi matumbo yaliongezeka. Biashara iliporudi tuliuza kwa bei ya juu kwa sababu miti ilikuwa imekua. Ni bidhaa gani nyingine sokoni isiyouzwa leo ikawa na thamani zaidi kesho?

Ndiyo maana tukakubaliana kwamba mwanachama anaweza kuweka vyungu vyake dhamana ya mkopo. Zamani dhamana ilikuwa cherehani au mbuzi. Cherehani ikichukuliwa mama hana kazi. Wapo wenzetu hapa ambao watoto wao walilipiwa ada kwa mkopo uliodhaminiwa na vyungu sita, mkopo ukarudishwa, na vyungu bado viko uani kwao vinachanua.

Sasa basi, ndugu wanachama, lile jambo la kuamua.

Tunayo miti mama 40. Ni ile tuliyoiotesha mwaka wa kwanza kutokana na mbegu za ile miti mitatu ya uani, yaani ina umri wa kikundi. Mnunuzi mmoja wa mjini ameileta barua. Anataka yote 40, na atatoa shilingi 4,000,000 kwa mkupuo mmoja. Wapo wanaosema tuuze, tugawane katika sherehe hii, kila mmoja aondoke na kama shilingi 180,000. Hatuwalaumu, shida zinajulikana na Januari haiko mbali.

Lakini tupige hesabu pamoja. Mwaka jana mbegu za miti hiyo zilitupa miche 600. Tuliuza 420, tukapata shilingi 2,100,000. Tukatoa gharama za vyungu, mchanga, samadi na maji, shilingi 600,000. Ikabaki 1,500,000, na miche 180 bado ipo. Kwa hiyo katika miaka mitatu miti mama inarudisha zaidi ya pesa ya mnunuzi, na yenyewe bado imesimama, tena minene zaidi.

Na lipo linalotutia hofu kuliko hesabu. Tukiuza mama wote, mwakani mbegu tutatoa wapi? Ile miti mitatu ya uani ni mizee na maganda yake ni machache. Mteja atakuja, kitalu kitakuwa kitupu, na mtu ataanza kutazama porini. Atasema, mmoja tu. Kesho wawili. Ile sheria tuliyoiandika mwaka 2015 kwa kelele nyingi itavunjika bila kikao.

Rai ya uongozi ni hii. Mnunuzi tumuuzie vyungu 30 vya miaka mitatu kutoka kwenye akiba ya kikundi, kwa bei yetu, ambayo ni shilingi 750,000. Pesa hiyo tuigawane leo kama zawadi ya miaka kumi. Miti mama tuiache. Akitaka kungoja, miche ya mwaka huu itakuwa na miaka mitatu mwaka wa kumi na tatu wa kikundi, na tutamkaribisha tena.

Huu si uamuzi wa mwenyekiti. Karatasi za kura anazo katibu, na kila mwanachama ana kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache. Yeyote mwenye neno la kupinga alisimamie hapahapa mbele ya wenzake, tutalisikiliza, asilipeleke kisimani.

Kwa akina mama wa vikundi vingine mliotutembelea, kila mmoja atapewa mbegu kumi katika bahasha. Msituambie ahsante bado. Tuambieni mtakapoona ua la kwanza, na hilo huchukua mwaka mmoja au miwili. Mkihitaji maelekezo njoeni siku ya mkutano wetu, Jumatano saa tisa alasiri, palepale chini ya mwarobaini.

 Tunawashukuru waume zetu waliotuchimbia mchanga mtoni na kuusomba kwa baiskeli. Tunawashukuru vijana wanaokaa na vyungu barabarani wakati wa jua kali.

 Katibu, gawa karatasi.